Mpishi Yuko Wapi?

Nimekasirika tangu Jumapili, na kwa kuwa sijui kukasirika kwa mdomo, naandika. Darasani mwalimu akiuliza swali ninalolijua, jibu linapanda mpaka kooni linakwama hapo kama mwiba wa samaki sato, halafu mwingine ananyoosha mkono analisema lilelile langu. Nyumbani wanasema mimi ni mpole. Mimi si mpole. Nina hasira kama watu wengine, ila hasira yangu haina spika.

Mtu ninayemwandika hapa alikuwa na spika mbili, nyeusi, kubwa kama makabati, zimefungwa kwa waya juu ya mlango wa banda lake la video, huku kwetu juu ya mawe, Ilemela. Mtaa mzima ulimwita Mkalimani. Kazi yake ilikuwa kukaa kando ya televisheni na maiki, filamu ya Kizungu ikicheza, na kutuambia kwa Kiswahili nani anasema nini, papo hapo, sauti zote yeye: mzee, binti, polisi, hata mbwa. Vijana walitaka kumwita DJ kama wanavyoitwa wenzake wa kazi hiyo. Alikataa.

"DJ anapiga muziki. Mimi napeleka maneno ya watu."

Nje ya maiki alikuwa mtu wa Ukerewe kabisa, r na l zinabadilishana viti mdomoni mwake, na akicheka anaziba meno kwa kiganja. Akishika maiki ulimi unanyooka kama wa msoma taarifa ya habari. Alivaa koti la suti juu, kama wapelelezi wa filamu zake, na kandambili chini. Aliyemuuliza alijibiwa kuwa mpelelezi hatazamwi miguu.

Benchi la ukutani, karibu na televisheni, lilikuwa la wanawake. Kwenye mabanda mengine msichana akiingia anatazamwa yeye badala ya filamu. Kwa Mkalimani, kijana akigeuza shingo kuelekea benchi letu, filamu inasimama na maiki inamtaja kwa rangi ya nguo yake.

"Wewe wa shati la njano, muuaji hayuko huko."

Niliingia pale mara ya kwanza nikiwa shule ya msingi, nimeshikwa mkono na mama mdogo. Mama mdogo ni fundi cherehani na ndiye ninayekaa naye. Hajui kutazama kitu kimya. Atapinda sketi ya mteja gizani huku akimwambia mtu wa kwenye filamu asiingie chumba hicho. Mkalimani hakumnyamazisha hata siku moja. Alikuwa akisema kwa maiki, "Mama wa cherehani ametoa hoja. Tuendelee." Kisha siku moja akanitazama mimi, niliyekuwa sijawahi kutoa hoja yoyote, akasema kuwa kwenye hadithi za upelelezi anayeona mambo mara nyingi ni yule aliyekaa pembeni kimya. Sikulala vizuri kwa furaha. Nilikuwa sijawahi kuambiwa kuwa kukaa kimya ni kufanya kitu.

Sitaki kumpaka mafuta. Alikuwa mwongo, na uongo wake ulikuwa mzuri. Aliweka filamu za Kikorea wakati hajui Kikorea hata cha kuombea maji. Kijana mmoja wa kwenye filamu alilia, yeye akatuambia ni kwa kuwa mama yake amelazwa. Baada ya muda mama akatokea mzima, anachambua mboga. Banda zima likaguna. Mkalimani hakutikisika.

"Ameruhusiwa asubuhi," alisema.

Kwenye drafti naye alikuwa mwizi wa mchana. Alikaa na wazee nje ya banda, anakohoa, na kikohozi kikiisha kete yake imeshahama. Wote walijua, wote walicheka, wakamwita mwizi wa kete. Naomba mtu akumbuke kwamba huo ulikuwa utani, kwa sababu kuna watu baadaye walijifanya wamesahau.

Lakini kuna kitu kimoja hakukigusa: mwisho. "Katikati ni yangu," alikuwa akisema. "Mwisho ni wa mwenyewe." Kama filamu ilitokana na kitabu, na kitabu alikuwa amekisoma, basi mwenyewe ni kitabu. Hapo ndipo ugomvi wake na dunia ulipokuwa.

Alikuwa na vitabu vya upelelezi vya zamani, vya Kiingereza na vya Kiswahili, vimefunikwa kwa karatasi za kalenda, vinanuka mafuta ya taa. Kimoja kilikuwa kimetengenezewa filamu mara mbili, na filamu zote mbili alikuwa nazo. Hadithi ni hii. Kuna bibi tajiri, nyumba kubwa, amekutwa amekufa mezani na bakuli la supu mbele yake. Supu ilipikwa na mpishi. Kwa hiyo mpishi anakamatwa mwanzoni kabisa, aproni bado iko kiunoni, na kila mtu nyumbani mle anamnyooshea kidole. Ndipo anakuja mpelelezi, anauliza maswali, anatazama vikombe, na mwisho inajulikana ni daktari wa familia, aliyekuwa akimpa bibi matone kila jioni.

Filamu ya kwanza ni ya zamani, haina rangi. Daktari anatajwa, anakimbilia ngazi za mnara, anateleza, anaanguka. Muziki. Mwisho. Filamu ya pili ina rangi na ni ya juzijuzi. Daktari anatajwa, anaeleza kuwa bibi alimtesa mama yake zamani, mpelelezi anatokwa machozi, anageuza mgongo, na daktari anapanda boti alfajiri kwenye ukungu. Muziki tena, mzuri zaidi. Mwisho.

Siku alipotuonyesha zote mbili, mwishoni Mkalimani aliwasha balbu, akasimama mbele ya televisheni na koti lake.

"Mpishi yuko wapi?"

Watu walikuwa wameshaanza kutafuta kandambili zao chini ya mabenchi.

"Nauliza mpishi yuko wapi. Alikamatwa mbele yenu wote. Mmemwona akitoka?"

"Mkalimani, weka mechi," kijana mmoja alisema.

"Mechi mtaiona. Mlango haufunguliwi mpaka mpishi atoke jela."

Akafungua kitabu, akatusomea sura ya mwisho, akiigeuza Kiswahili palepale. Mle kitabuni mpelelezi anaomba chumba kilekile cha chakula, viti vilevile na watu walewale waliomnyooshea mpishi kidole. Anaagiza mpishi aletwe kutoka mahabusu. Na jambo la kwanza analosema silo nani aliua. Anamsimamisha mpishi mbele yao anasema: huyu hakuua. Anaeleza kwa nini. Kisha anakwenda kwa mtunza bustani: huyu hakuua. Mpwa wa bibi: huyu alidanganya, lakini kwa sababu nyingine, na hakuua. Anawatoa mmoja mmoja, taratibu, mpaka daktari anabaki peke yake bila mtu wa kujificha nyuma yake. Halafu kuna mahakama, na mpishi ni shahidi, amevaa nguo zake nzuri.

"Kurasa nyingi," Mkalimani alisema, "na hakuna anayekimbia. Ndiyo maana wameikata."

Tangu siku hiyo nikajua kinachomuuma. Mtu angedhani ana uchu wa kuona wauaji wakinyongwa. Hata kidogo. Alichukia ngazi. Alisema ngazi yenye utelezi ni uvivu wa watu wazima: mtengenezaji wa filamu hataki hakimu, hataki shahidi, hataki mtazamaji arudi nyumbani na kazi ya kufikiri, basi anaiachia ngazi ihukumu. Na aliichukia boti ya alfajiri zaidi ya ngazi.

Mama mdogo ndiye aliyebishana naye. Yeye aliipenda ile boti.

"Mimi daktari nilimwonea huruma," alisema. "Mama yake aliteswa, wewe ulitaka afanyeje?"

"Huruma ni yako, mama, itoe tu," Mkalimani alijibu. "Ila tazama inatoka mfukoni mwa nani. Daktari yuko kwenye boti, mpelelezi analia, wewe unalia. Mpishi bado yuko ndani."

Mama mdogo alifikiri mpaka tukafika nyumbani. Akasema, "Mzee yule atanifanya nisifurahie kitu tena."

Mtaa uligeuza yale maneno kuwa utani. Umeme ukikatika, mtu gizani anauliza, "Mpishi yuko wapi?" na banda zima linacheka, yeye pia, kiganja mdomoni. Kocha akimtoa mchezaji kwenye mechi, mpishi yuko wapi. Mimi alikuwa ananiazima vitabu, na nikirudisha hakuniuliza nani aliua. Aliuliza, "Nani alishukiwa bure, na walimfanyia nini baadaye?" Kwa kweli vitabu vingi havina jibu zuri. Hata vitabu vinasahau. Nilipomwambia hivyo alikubali, akasema basi na vitabu navyo vina kesi ya kujibu.

Sasa nifike kwenye mota.

Huku kwetu maji hupanda kutoka kisima cha chini hadi tangi la juu ya mawe kwa pampu. Siku moja mota ya pampu ikaibwa. Wanawake na wasichana wa mtaa tukarudi kubeba ndoo kichwani kwenye mawe yale, asubuhi kabla ya shule na jioni baada ya shule. Watu walikasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika. Shingo yangu nayo ilikasirika.

Mwenyekiti wa mtaa akaitisha kura. Kwa asiyejua utaratibu huo: wizi ukikosa mwenyewe, watu wazima hukusanyika, kila mmoja anaandika kwenye kikaratasi jina la anayemshuku, anatumbukiza kwenye ndoo. Majina yanasomwa mbele ya wote. Aliyetajwa sana anapelekwa kuhojiwa. Watu wanaupenda kwa sababu hakuna anayejua nani kamtaja nani. Mimi hicho ndicho kinachonikera. Mpelelezi wa kitabuni anamtazama mtu machoni. Ndoo haina macho.

Mwenyekiti aliomba spika za Mkalimani, na akamwomba yeye mwenyewe asome, kwa kuwa ana sauti. Mkalimani alishika maiki, lakini kabla ya kuanza alisema lake.

"Ndugu mwenyekiti, kura inachagua kiongozi. Mwizi hachaguliwi."

Watu wakacheka.

"Mzee wangu, hapa si sinema," mwenyekiti alisema. "Wewe tusomee tu."

Mimi nilikuwa nimekaa juu ya jiwe na wenzangu wasioruhusiwa kupiga kura. Mjumbe mmoja wa kamati ya maji alishika ndoo, akawa anachomoa vikaratasi kimoja kimoja na kumkabidhi. Majina ya mwanzo yalikuwa ya vijana wawili watatu wa kijiweni. Kisha Mkalimani akafungua kimoja, akakitazama, akasoma.

"Mkalimani."

Akapewa kingine.

"Mkalimani."

Kingine.

"Wa video."

Hapo ningekuwa mimi ningedondosha maiki nikimbie mpaka ziwani. Yeye aliendelea. Alisoma jina lake kwa ile sauti ya taarifa ya habari, sauti iliyonyooka, bila kuruka karatasi hata moja, bila kuharakisha. Spika zake mwenyewe zilimtaja mpaka ng'ambo ya barabara. Kikaratasi kimoja kilikuwa kirefu. Alikisoma chote: "Mkalimani, maana anaiba hata kete."

Kuna mtu alicheka. Mama mdogo akasimama.

"Aliyeandika hilo la kete asimame na yeye."

Hakusimama mtu.

"Mnatafuta mwizi au mnatafuta mtu wa kumalizia hasira?" mama mdogo aliuliza. Mwenyekiti akamwambia akae, zamu ya kuchangia haijafika.

Nilimuuliza Mkalimani baadaye kwa nini hakuacha kusoma. Alisema angekuja kusoma mtu wa kuruka majina, na tungekuwa na uongo mara mbili. "Ule mwisho haukuwa wangu," alisema. "Walikuwa wameshauandika wao."

Sababu zao nilizisikia kwenye foleni ya kisima: vijana wanashinda bandani kwake, na jenereta lake analitengeneza mwenyewe kwa hiyo mota anazijua. Basi. Alihojiwa, nyumbani na bandani kukapekuliwa, hakukutwa hata na nati. Akarudi. Lakini mtaa uliamua banda lifungwe "mpaka mambo yatulie", na mambo ya mtu mmoja hayatulii yenyewe. Watoto walimwona akipita wakaimba kwa sauti ileile aliyowafundisha yeye: "Mota iko wapi?" Alikuwa anapunga mkono. Sijui alipungaje.

Masika yalipokwisha mota ikaonekana, kwa muuza chuma chakavu, imefunikwa na mabati. Yule muuzaji alimtaja aliyempelekea bila kuulizwa mara mbili. Alikuwa mjumbe wa kamati ya maji, yuleyule aliyeshika ndoo siku ya kura. Mkono uleule uliokuwa unamkabidhi Mkalimani jina lake.

Nikadhani sasa. Nikasubiri mkutano kama mtu anayesubiri sura ya mwisho.

Wazee walikaa nyumbani kwa mwenyekiti, mlango umefungwa. Tulisikia mjumbe alilia, akasema alikuwa na matatizo, wakamhurumia. Mota ikarudishwa. Mjumbe akaenda kwa ndugu zake Sengerema "kupumzika kidogo". Alivuka ziwa kwa kivuko cha asubuhi, na begi lake jipya. Kwenye mkutano mwenyekiti alisema mota imepatikana, tumshukuru Mungu, tusonge mbele. Watu wakapiga makofi. Bomba likakohoa, likatoa maji mekundu, kisha meupe, watu wakapiga makofi tena. Mkalimani alikuwa amesimama nyuma kabisa. Hakuna aliyegeuka.

Ile boti ya alfajiri niliyokuwa naiona kwenye televisheni sasa niliiona kwa macho, na waliopiga makofi ni watu ninaowaamkia kila siku.

Siku chache baadaye mimi na mama mdogo tulikuwa barazani kwa mwenyekiti, tumempelekea mkewe gauni la kujaribu. Mkalimani akaja. Alivaa koti, na siku hiyo alivaa viatu.

"Nimekuja na ombi moja," alisema. "Mkutano kama ule wa kura. Watu walewale, palepale. Spika nitaleta mwenyewe. Useme tu kwamba sikuiba. Jina la aliyeiba usilitaje kama hutaki."

"Mzee wangu, yameisha," mwenyekiti alisema. "Maji yanatoka. Kila mtu anajua si wewe."

"Kama kila mtu anajua, kusema kuna uzito gani?"

"Tutawagawa watu bure. Mjumbe ana mke pale, ana watoto. Wewe ni mtu mzima, unaelewa."

"Naelewa," Mkalimani alisema. "Banda langu mlilifunga kwa maiki. Mnataka kulifungua kwa kunong'ona."

Mwenyekiti akamkaribisha chai. Hakuinywa. Mke wa mwenyekiti, na pini mabegani, alisema kwa upole kuwa mzee naye anapenda mambo ya filamu. Nilimwona mama mdogo akichomeka pini moja karibu zaidi na ngozi kuliko ilivyohitajika.

Kabla kiangazi hakijaisha alifungua spika zake, akapakia kwenye toroli, akahama. Banda sasa ni stoo ya magogo. Wanapomtaja wanasema "yule mzee wa watu, alikuwa na visa", na hiyo "alikuwa" inanitia kichaa, maana hajafa, na kisa kilikuwa chao.

Jumapili iliyopita mama mdogo alikuwa na sare za kwaya za kupeleka Usagara. Nilibeba mfuko mmoja, yeye mmoja. Tulipokwisha kukabidhi tukarudi barabarani kutafuta gari, na pale njia panda, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, nikasikia mpelelezi akiongea Kiswahili.

"Hiyo sauti," mama mdogo alisema, na tayari alikuwa amegeuka.

Lilikuwa banda dogo kuliko la kwetu, la mabati matupu. Tulipofika jenereta lilikuwa limezimwa liongezwe mafuta, watu wametoka kunyoosha miguu, na yeye ameinama na galoni. Koti lilelile. Mabega yameingia ndani yake kidogo.

"Shikamoo, Mkalimani."

"Marahaba, mwanangu. Umerefuka." Akamwinamia mama mdogo. "Mama wa cherehani."

Mama mdogo alianza kusema kitu kuhusu njia na vumbi. Mkalimani alimsubiri amalize, kisha akanitazama mimi.

"Walisema?"

Mama mdogo, ambaye hajawahi kukosa neno, alinigeukia kama anayeniomba nimsaidie mzigo.

"Hapana," nilisema.

"Hata kwa kifupi?"

"Hata kwa kifupi."

"Haya," alisema, akafunga kifuniko cha galoni vizuri, akaingia ndani.

Tuliingia tukakaa. Hapakuwa na benchi la wanawake, tulibanana mwisho wa benchi la vijana. Filamu iliyofuata ilikuwa ile ya zamani, isiyo na rangi. Alitafsiri vizuri, wala siwezi kusema alitafsiri vibaya. Mpishi alikamatwa, vikombe vikatazamwa, daktari akatajwa, akakimbilia ngazi, akateleza. Muziki. Nikasubiri balbu.

"Mwisho," Mkalimani alisema kwa maiki. "Jioni kuna mechi."

Hakusimama. Hakuuliza. Akaanza kuzungusha waya mkononi kama mtu aliyemaliza kazi, na vijana wakaanza kutafuta kandambili. Kupigiwa kura hakukumnyamazisha, wala kufungiwa banda. Lile "hapana" nililomletea mimi kutoka nyumbani ndilo lililomnyamazisha. Nilihisi joto linapanda kutoka tumboni, likafika kooni, pale kwenye mwiba. Halikukaa.

"Mpishi yuko wapi?"

Ilitoka nyembamba. Mama mdogo aliniangalia kana kwamba benchi ndilo limesema.

"Mpishi gani, dada?" kijana aliyekuwa mlangoni aliuliza. "Si kaanguka yule."

"Kaanguka daktari. Mpishi alikamatwa mwanzoni. Mmemwona akitoka?"

Vijana walitazamana. Mmoja akasema kweli, hakutoka. Mwingine akasema labda wamemsahau, na wakacheka. Mkalimani alikuwa ameacha kuzungusha waya.

"Kwenye kitabu hawakumsahau," nilisema. "Mpelelezi anawaita wote chumba kilekile. Anamsimamisha."

"Sauti haifiki nyuma," Mkalimani alisema. Akanyoosha maiki.

Sikuipokea. Mkono haukwenda. Basi akairudisha mdomoni kwake, akanitikisia kichwa niseme tu, naye atapeleka.

"Anaanza na mpishi," nilisema.

"Anaanza na mpishi," spika zikasema.

"Anasema mbele ya wale waliomnyooshea kidole. Huyu hakuua."

Aliisogeza maiki karibu zaidi. Kisha akalisema kwa sauti ya mpelelezi, ile ya zamani, na mabati yakatetemeka. "Huyu hakuua."

"Sasa mbona filamu haikuonyesha?" aliuliza yule wa mlangoni, na kwa kweli alikuwa amekasirika.

"Kwa sababu ni ndefu na hakuna anayekimbia," Mkalimani alisema, tayari amesimama. "Funga mlango huo. Kaeni. Hakuna mechi mpaka mpishi atoke." Na akawasha balbu.

Alitusindikiza mpaka barabarani baadaye. Watu wa Usagara hawajui habari ya mota, na sikutaka waijue kupitia kwangu, kwa hiyo tulikwenda kimya hadi walipobaki nyuma.

"Umesema vizuri," aliniambia. "Ila pale ulikuwa unamtoa mpishi wa kitabuni."

"Najua."

"Mpelelezi alitaka chumba gani?"

"Kilekile."

"Na watu?"

"Walewale."

Hakuniomba kitu, naliandika hilo wazi ili kesho mtu asije akasema nilitumwa. Aliaga, akarudi kwenye mechi yake na kandambili zake.

Kwenye gari mama mdogo alikunja na kukunjua ile mifuko mitupu ya sare. Tulipokaribia mjini akasema, "Wewe hupigi kura, lakini hakuna aliyesema huwezi kuongea." Kisha akasema atakaa nyuma yangu, asikae pembeni, maana akikaa pembeni ataropoka yeye.

Jumamosi kuna mkutano wa mtaa pale kwenye tangi. Mwenyekiti ataongoza, waliotumbukiza karatasi watakuwepo, wengi wao ni watu wazuri, wananiita mwanangu. Nimeijaribu sentensi yangu mbele ya cherehani. Ni fupi, haihitaji maiki: Mkalimani hakuiba mota, na nyinyi mliomtaja mko hapa. Ajenda ya mwisho huwa ni mengineyo. Hapo ndipo nitanyoosha mkono.